Neiguan: pa kubonyeza mkononi kichefuchefu kikikushika

Kama we ni wale wa kupanda gari tu tumbo linavurugika, kuna sehemu upande wa ndani wa mkono Wachina wanaiita Neiguan, kwenye michoro ya tiba yao ya kuchoma sindano mwilini utaiona imeandikwa P6 au PC6. Sindano sio lazima, kidole gumba kinatosha, shida ni kwamba wengi wanabonyeza pembeni halafu wanasema haisaidii.

Geuza kiganja kikuangalie. Angalia ule mstari pale kiganja kinapoungana na mkono, laza vidole vitatu vya mkono mwingine kwa upana, cha pete kiguse huo mstari, sasa kinapoishia kidole cha shahada kuelekea kiwiko ndio hapo, katikati kabisa, kati ya kano mbili. Huzioni? Gusanisha gumba na kidole kidogo alafu kunja kiganja kidogo, zitajitokeza. Kuna watu wanazaliwa bila kano moja na hawana tatizo lolote, wao wafuate tu katikati ya mkono. Na kama unambonyeza mtoto pima kwa vidole vyake yeye, vyako vinene vitakupeleka mbali.

Bonyeza kwa gumba, wima, mpaka usikie kaumivu kazito ka ndani hivi, sio ngozi kuwasha, zungusha taratibu dakika 2 au 3 huku unavuta pumzi pole pole, kisha hamia mkono wa pili. Ukisikia kama shoti inakimbilia vidoleni umeukandamiza mshipa wa fahamu unaopita hapo chini, legeza. Mi naona bora uanze kabla safari haijaanza, ukisubiri mpaka mate yameshajaa mdomoni umechelewa.

Kiasili inatumika kwa mengi: kutapika, kwikwi, kifua kubana, moyo kwenda mbio, wasiwasi, kukosa usingizi, maana kwa hesabu za Wachina iko kwenye njia ya nguvu za mwili wanayoiita ya mfuko wa moyo, yaani utando unaouzunguka moyo. Kitu ambacho tafiti zimekiunga mkono vizuri zaidi ni kichefuchefu baada ya operesheni, kile cha ujauzito matokeo yanapishana, hayo ya moyo na usingizi mi nayachukulia kama mapokeo tu. Kwahiyo kifua kikiuma kweli usikae unabonyeza mkono, nenda hospitali, na mjamzito anayetapika hadi maji hivyo hivyo. Mkono wenye kidonda, uvimbe au ule unaotumika kusafishia damu kwa mgonjwa wa figo usiuguse.

Kuna pia bangili za kuvutika zenye kifungo cha plastiki, hizo zinafaa safari ndefu sababu gumba litachoka. Vaa mikono yote miwili, kifungo kitazame ndani na kikae palepale ulipopima, sio kwenye mstari wa kiganja kama saa, na vidole vikianza kuvimba au kufa ganzi vua.