Kabla hujalipa ada ya kusomea uchambuzi wa intelijensia Marekani

Uko Minneapolis au Houston, umeipenda kozi ya uchambuzi wa intelijensia na haki jinai. Vizuri. Ila jua kwamba FBI, CIA na wenzao huajiri raia wa Marekani tu. Kadi ya kijani haitoshi. Kwa kawaida uraia huombwa baada ya miaka 5 ya ukaazi wa kudumu, au 3 ukiwa umeoana na raia na mnaishi pamoja. Piga hesabu hiyo kwanza, ndipo uchague chuo.

Chuo kiwe na ithibati inayotambuliwa na Wizara ya Elimu ya huko. Hilo halina mjadala.

Mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, aangalie msimbo wa kozi kwenye fomu yake ya I-20, ile anayopewa na chuo. Haki jinai ya kawaida haimo katika orodha ya STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), kwa hiyo ruhusa ya kazi baada ya kuhitimu ni miezi 12, bila ile nyongeza ya 24. Wengi hulijua hili wakiwa wameshavaa joho.

Bangi: Minnesota waliihalalisha 2023, serikali ya shirikisho bado. FBI hawapokei aliyeitumia ndani ya mwaka mmoja kabla ya kuomba. Acha.

Sasa upekuzi wa maisha yako kabla ya kuajiriwa, na hapa nisikilize. Fomu SF-86, ya kuombea kibali cha usalama, ina kurasa zaidi ya 100. Inataka kila ulipoishi kwa miaka 10, hata pale ulipojibanza sebuleni kwa rafiki. Inauliza kama umewahi kumsaidia kwa pesa mtu asiye raia. Ndiyo, karo za wapwa zimo. Kutuma si kosa. Kosa ni kuficha, na kudanganya kwenye fomu hiyo ni jinai.

Kijana mmoja wa Mombasa ninayemfahamu alishapata uraia na ofa ya kazi yenye masharti mkononi. Sehemu ya ndugu akaandika wa tumbo moja tu. Watoto wa mke wa pili wa baba yake hakuwataja, na wala hakukusudia ubaya. Aliona ni habari za nyumbani. Fomu inawataka: ndugu wa baba mmoja, mama wa kambo, hata wakwe. Mpekuzi akamuuliza pesa za kila muhula zinazokwenda Likoni ni za nani. "Za mdogo wangu," akajibu bila wasiwasi. Mpekuzi, mama mmoja, akarudisha kurasa nyuma hadi sehemu ya 18, ile ya ndugu, akaigusa kwa kalamu. "Yuko wapi hapa?" Usiku ule kijana alipiga simu nyumbani kutafuta tarehe za kuzaliwa, mama wa kambo akaja juu: hao Wazungu wanawatakia nini wanangu? Ofa ikafutwa baadaye. Leo yuko benki, anafuatilia miamala ya utakatishaji fedha, kazi ambayo kwa kweli hata mwenye kadi ya kijani huweza kuipata.

Kwa hiyo anza daftari leo, hata kama uko mwaka wa kwanza. Majina yote kama yalivyo kwenye pasipoti, tarehe, anwani, risiti za pesa ulizotuma. Kama uliandikwa kambini Dadaab au Kakuma ukapewa Januari 1 kuwa tarehe ya kuzaliwa, na cheti kingine kina tarehe tofauti, muone wakili wa uhamiaji. Usijirekebishie mwenyewe.

Mengine unayajua: kodi, madeni, faini za barabarani. Ukiomba CIA, usitangaze kwenye grupu la ukoo. Jifunze SQL, lugha ya kuchambua hifadhidata, na kuandika ripoti fupi. Na usimwazime mtu jina lako kwenye mkataba wa nyumba wala akaunti ya benki, hata awe binamu.