Land Rover na Land Cruiser za zamani: zipime kwenye mlima wa Marangu

Hapa Kibosho, Kilimanjaro, ninatunza magari mawili: Land Rover Series III fupi ya dizeli, aliyoniachia marehemu baba, na Land Cruiser BJ40 niliyoinunua mwenyewe. Watu huniuliza lipi bora. Ninawaambia: kabla ya kununua, yapime siku moja, njia moja, mzigo mmoja.

Anza asubuhi injini zikiwa za baridi. Ukikuta mwenye gari ameshaliwasha, mwambie utarudi kesho. Moshi mweupe ukikatika baada ya muda mfupi, usijali. Ukiendelea injini ikiwa ya moto na maji ya radieta yanapungua, shuku gasketi ya silinda hedi, yaani ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku. Moshi wa bluu usiokatika ni oili inayoungua.

Halafu pakia magunia mawili ya mahindi kila gari, pitia Himo upande Marangu. Land Rover ina cc 2286, BJ40 ina 2977, na huko juu hewa inapungua kwa zote mbili. Land Rover itaomba gia ya pili mapema. Kuidai ipande kama mwenzake ni kuionea. Wewe angalia mshale wa joto umetulia. Wakati wa kushuka, ukiwa gia ya tatu, achia mafuta ghafla. Gia ikichomoka yenyewe, hesabu gharama ya gia boksi.

Mafuta yapime hivi: jaza tangi pomoni, nenda Arusha na kurudi, kama kilomita 160, ujaze tena pampu ileile. Gawanya kilomita kwa lita ulizoongeza.

Kazi kubwa iko chini ya gari, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapokuwa wavivu. Chukua tochi na nyundo ndogo, lala chali. Bodi ya Land Rover ni ya alumini, inang'aa hata pale chesisi yake ya chuma, yaani fremu inayobeba gari, inapoliwa na kutu. Gonga boriti ya nyuma kabisa na vishikio vya bodi pembeni. Mlio mzito, usiolia kama chuma, ni kutu. BJ40 ni kinyume: chesisi hubaki imara, bodi ya chuma ndiyo inayoliwa. Inua mikeka, papasa juu ya matairi ya nyuma. Udongo wetu mwekundu ukiganda humo masika yote hushika maji, kwa hiyo osha chini, si ubavuni tu.

Land Rover yangu huitaka mikono yangu mara kwa mara: grisi ya propela shafti, oili kwenye maungio ya magurudumu ya mbele, kurekebisha nafasi ya tapeti, yaani za vali za injini, kwa geji ya inchi 0.010. Yote naifanya nyumbani. BJ40 hukaa kimya muda mrefu, lakini ikidai, inadai kwa mkupuo. Kwa safari za mbali naichagua hiyo. Kwa shambani, kubeba mbolea na migomba, simwachii mtu Land Rover.

Kabla hujalipia BJ40, soma kibao cha stata, ile mota ya kuwashia injini: nyingine ni za volti 24, na spea za volti 12 hazitaifaa.