Thaimu mbele ya baraza langu: ya kwanza ilioza

Kipande cha mbele ya baraza langu hapa Bombo, Uganda, mita nne kwa mbili, kilikuwa na nyasi za pasipalamu. Kila wiki mbili nilimwita kijana wa kufyeka, na mvua za Aprili zikikolea hata wiki haifiki. Nikaamua kuweka thaimu ya kutambaa, mmea wa kufunika ardhi, ile isiyopita kimo cha kidole. Ya kwanza ilioza yote. Naanza na kosa langu, maana ndilo litakalokuponza na wewe.

Niliishibisha. Nilitia samadi ndoo mbili kwenye udongo wetu mwekundu, nikapanda katikati ya Aprili, na jioni nikamwagia maji kana kwamba mvua haitoshi. Wiki ya tano miche ikawa myeusi katikati. Nilipovuta mmoja ulinifuata mkononi bila ubishi, mizizi imekuwa kahawia, inateleza. Mmea huu asili yake ni Ulaya, kwenye ardhi kavu ya mchanga na mawe. Njaa hauiogopi, unaogopa kulowa miguu.

Safari ya pili kazi kubwa niliifanya kabla ya kupanda. Sangari, ile Waganda wanayoiita lumbugu, usiikatekate kwa jembe: kila kipande kinachobaki ardhini kitachipua, na ikishaingia ndani ya thaimu utang'oa vyote viwili. Tumia jembe uma, vuta zile kamba nyeupe moja moja. Ndago nayo ichimbe mpaka kijitunguu chake. Kisha acha wiki tatu, kitakachoibuka king'oe tena.

Nikainua kitanda cha kupandia sm 15, nikakiinamisha kidogo kuelekea mfereji. Kila makarai mawili ya udongo niliyachanganya na karai moja la mchanga wa ziwa na kokoto ndogo, pamoja na konzi ya jivu la kuni kupunguza tindikali. Jirani akachungulia juu ya ua: "Mama, sasa unapanda au unajenga?"

Miche ya eneo zima usinunue. Ukiachanisha kwa sm 25, mita moja ya mraba inameza miche 16. Kwangu ni 128, nishone gomesi (gauni la Kiganda) ngapi ili niilipie? Nilinunua sita, nikazalisha. Mbegu zake ni kama vumbi, na ukizifukia haziioni nuru zinayoitaka ili kuota, kwa hiyo nilitumia vipandikizi. Kata kijiti laini kisicho na maua, urefu wa kidole. Shika ncha, telezesha vidole viwili kwenda chini mpaka nusu ya chini ibaki uchi. Pale palipotoka majani ndipo mizizi itakapoota. Chomeka kwenye mchanga wenye unyevu, ndani ya chupa ya maji iliyokatwa na kutobolewa chini, uweke kivulini. Baada ya wiki nne hivi kivute taratibu: kikigoma, kimeshika.

Nilihamisha mwishoni mwa Novemba, mvua zikiaga, nikamwagilia mara mbili kwa wiki hadi Januari. Basi. Kuku ndio walionitesa, kwa kupekua. Nikawafunikia kitanda kwa chandarua kikuukuu. Wanaosema thaimu haina kazi hawasemi kwamba mwaka wa kwanza unapalilia kwa vidole, umechuchumaa. Ikishafunga, magugu mengi hayapati pa kutokea.

Ikimaliza kuchanua naipunguza kwa mkasi wa zamani (wa nguo hauguswi), nikikata sehemu laini tu, kwa kuwa kijiti kilichokwisha kuwa kigumu kama mti ni shida kuchipua. Penye upara nalaza tawi la jirani, naliwekea jiwe, linatoa mizizi lenyewe. Watoto wavae ndala wakati wa maua, nyuki hawakosekani.

Chini ya mwembe usijaribu, inataka jua kwa muda wa saa sita au zaidi kwa siku. Inavumilia kukanyagwa mara mojamoja, si gurudumu. Getini, bodaboda zinapogeukia, nimeacha pasipalamu, na yule kijana bado anakuja, ila sasa anamaliza kabla chai haijachemka.