Namna ya Kuielewa Kaunti ya Mashambani ya Marekani: Mfano wa Kossuth, Iowa

Anayetaka kuichunguza kaunti ya mashambani katika majimbo ya kati-magharibi ya Marekani huvutwa kuanza na historia, kisha serikali, kisha uchumi, kana kwamba ni mambo matatu yasiyohusiana. Mwongozo huu unashauri uanze na ardhi, na hasa maji yaliyokuwa yamelala juu yake, kwa kuwa ndiyo yanayoeleza mengi ya hayo matatu. Mfano wetu ni Kossuth, kaskazini mwa Iowa, ambayo kwa eneo ndiyo kubwa kuliko kaunti zote 99 za jimbo hilo: ina takriban maili za mraba 973, lakini sensa ya 2020 ilihesabu humo watu 14,828 tu.

Tandaza ramani kwanza. Utaona barabara za mashambani zikikatana kwa pembe mraba, mara nyingi kila baada ya maili moja. Huo ni urithi wa sheria ya upimaji ya 1785, iliyoagiza ardhi igawanywe katika miraba ya maili sita kwa sita, iitwayo taunishipu, na kila mraba ukatwe vipande 36 vya ekari 640. Hati ya shamba hadi leo hutambulisha ardhi kwa hesabu hiyo: robo ya kaskazini-mashariki ya kipande fulani, katika taunishipu na safu fulani, maana yake ni ekari 160. Jizoeze kuzisoma anwani za namna hii kabla ya kwenda kwenye nyaraka zozote, kwani bila ujuzi huo hutaweza kulifuatilia hata shamba moja kutoka mmiliki hadi mmiliki.

Ukishaielewa ramani, linganisha tarehe. Bunge la Iowa liliichora kaunti hii Januari 1851 na kuipa jina la Lajos Kossuth, mwanamapinduzi wa Hungaria. Mkataba ambao Wadakota, wenyeji wa asili wa eneo hilo, waliachia madai yao juu ya ardhi iliyobaki kaskazini mwa Iowa ulitiwa sahihi Julai mwaka huohuo. Mipaka, kwa maneno mengine, ilitangulia mkataba, na historia nyingi za kaunti zilizoandikwa na wazawa wa walowezi hulipita jambo hilo kimyakimya. Ndugu wawili, Asa na Ambrose Call, walifika 1854 na kuanzisha mji wa Algona, ambao ndio makao makuu hadi sasa. Mwaka uliofuata Kossuth iliimeza kaunti jirani ya Bancroft. Mwaka 1870 bunge likaimega tena sehemu ya kaskazini na kuunda kaunti ya Crocker, ila mwaka mmoja baadaye Mahakama Kuu ya jimbo ikaibatilisha, kwa sababu katiba ya Iowa hairuhusu kaunti mpya yenye eneo chini ya maili za mraba 432, yaani taunishipu 12 kamili. Hivyo ndivyo Kossuth ilivyobaki na ukubwa wake usio wa kawaida.

Sasa tafuta maji. Barafu ya kale iliiacha nchi hii tambarare, imejaa mabwawa madogo na nyasi zilizosimama majini, na walowezi wa awali waliyakwepa maeneo hayo. Udongo mweusi uliokuwa chini yake haukuweza kulimwa mpaka wakulima walipozika mabomba ya udongo wa kuchoma, yenye viungo vilivyoachwa wazi ili maji yapenye, na kuyaelekeza kwenye mitaro mikubwa. Mkulima mmoja hawezi kuyaondoa maji yake bila kumtupia jirani, na hapo ndipo serikali inapoingia: marekebisho ya katiba ya 1908 yaliruhusu kuundwa kwa wilaya za mitaro, ambazo humtoza kila mwenye ardhi kwa kadiri anavyofaidika. Bodi ya wasimamizi wa kaunti ndiyo kwa kawaida inayokaa kama wadhamini wa wilaya hizo. Ukizipata ramani za mitaro katika jengo la mahakama, ambamo pia mna ofisi za kaunti, zipe siku nzima, kwani zinaonyesha thamani ya ardhi ilikotoka vyema kuliko maelezo yoyote ya kitabuni. Zinaonyesha pia ugomvi wa sasa: mwaka 2015 shirika la maji la Des Moines, mji mkuu wa jimbo, lilizishtaki wilaya za mitaro za kaunti tatu nyingine za Iowa kwa sababu ya naitreti, kemikali itokayo mashambani, iliyoingia mtoni, na kesi ikatupwa 2017.

Kuhusu serikali yenyewe, msomaji wa Kenya asitafute gavana wa kaunti. Mamlaka ya utendaji na ya kutunga kanuni yamo mikononi mwa bodi ya wasimamizi, ambao kisheria huwa watatu au watano. Kossuth ina watano. Mkaguzi wa hesabu, mweka hazina, msajili, sherifu na mwanasheria wa kaunti huchaguliwa na wananchi kila mmoja kwa kura yake, kwa hiyo bodi haiwezi kuwafukuza. Cheo cha mkaguzi kinapotosha kidogo, maana ndiye pia anayesimamia uchaguzi. Msajili hutunza hati za ardhi na kumbukumbu za vizazi, ndoa na vifo. Mthamini, kinyume na wengine, huteuliwa, na huteuliwa na baraza linalowakutanisha wasimamizi, mameya na wawakilishi wa bodi za shule.

Kazi ya mthamini ndiyo mlango wa kuingilia uchumi. Shamba nchini Iowa halitozwi kodi kwa bei ya soko, bali kwa uwezo wake wa kuzalisha, na kodi hulipwa kwa mikupuo miwili, Septemba na Machi. Mazao ni mahindi na soya, pamoja na nguruwe wanaofugwa ndani ya mabanda marefu. Zaidi ya nusu ya mahindi ya jimbo huishia kwenye viwanda vya ethanoli, mafuta ya magari. Usiridhike na kujua nani analima, uliza pia nani anamiliki, kwa sababu zaidi ya nusu ya ardhi ya kilimo ya Iowa hulimwa na wapangaji. Kisha uliza kaunti ina usemi gani. Jibu ni mdogo: sheria ya jimbo inakiondolea kilimo kanuni za kaunti za matumizi ya ardhi, na banda jipya la nguruwe zaidi ya 2,500 wa kunenepesha hupimwa kwa jedwali la alama, ambapo mwombaji anahitaji 440 kati ya 880, na uamuzi wa mwisho ni wa jimbo.

Kwa idadi ya watu, weka sensa mbili sambamba: 26,630 mwaka 1940 na 14,828 mwaka 2020. Mashine kubwa zilipunguza mikono shambani, na msukosuko wa kilimo wa miaka ya 1980 ukaongeza kasi, pale wastani wa bei ya ekari moja Iowa uliposhuka kutoka dola 2,147 mwaka 1981 hadi dola 787 mwaka 1986, huku riba ikiwakaba waliokopa.

Baada ya hapo, soma kumbukumbu za vikao vya bodi, ambazo sheria inalazimisha zichapishwe magazetini. Anza na za miezi ya majira ya kuchipua, mvua zinapojaza mitaro na maombi ya matengenezo kumiminika.