Jinsi ya Kupima Uhalisi wa Mikanda na Mabizimu ya Kijeshi ya Kijerumani

Hapa Tabora, na kwa kiasi fulani Kigoma, hadithi za mali iliyofukiwa na Wajerumani zimewafanya watu wengi washike majembe na sululu, na zimewapa madalali bidhaa ya kuuza hata pale ambapo shimo halikutoa kitu. Baada ya rupia, kitu ninacholetewa mara nyingi zaidi nikitazame ni bizimu la mkanda wa askari, yaani kile kichwa cha chuma au shaba kinachofunga mkanda kiunoni. Wanaolileta huanza na maelezo marefu: lilipatikana chini ya mwembe fulani, au babu alilirithi kwa askari wa boma. Mimi huwaomba waliweke mezani kwanza, na maelezo yasubiri, kwa sababu shaba na ngozi hueleza umri wake vizuri kuliko anayeuza.

Swali la kwanza ni hili: bizimu ni la vita ipi? Kigoma ilitekwa na majeshi ya Wabelgiji mwishoni mwa Julai 1916, na Tabora ikaangukia mikononi mwao tarehe 19 Septemba mwaka huohuo. Kwa hiyo kitu cha Kijerumani kilichopotea ardhini hapa wakati wa mapigano kinapaswa kuwa kimetengenezwa kabla ya tarehe hizo. Bizimu la jeshi la nchi kavu lenye tai aliyeshika alama ya swastika lilianza kutolewa mwaka 1936, miaka 20 baada ya Wajerumani kuondoka Tabora. Anayedai kwamba alilifukua kwenye handaki la mwaka 1916 amekwisha kujikanusha mwenyewe, hata kama bizimu lenyewe litakuja kuonekana ni halisi. Wala si rahisi kusema kwamba lililetwa na askari wetu wa Vita Kuu ya Pili, kwa kuwa vikosi vya King's African Rifles vilipigana hasa na Waitaliano huko Ethiopia, na Wafaransa wa serikali ya Vichy huko Madagaska, na Wajapani huko Burma. Njia ya kulifikisha hapa ipo, lakini ni nyembamba mno.

Baada ya hapo soma maandishi, herufi kwa herufi. Katika Vita Kuu ya Kwanza Ujerumani ilikuwa dola moja yenye falme kadhaa ndani yake, na kila ufalme ulikuwa na maneno yake. Bizimu la Prussia lina taji na maneno GOTT MIT UNS, yaani Mungu yu pamoja nasi. La Bavaria lina IN TREUE FEST. La Württemberg lina FURCHTLOS UND TREW, na hiyo W ya mwisho ndiyo tahajia sahihi. La Saxony lina PROVIDENTIAE MEMOR, ambayo ni Kilatini. Nimeona bizimu ambalo fundi wake, kwa kudhani anasahihisha kosa, alilimalizia neno la Württemberg kwa U. Maneno GOTT MIT UNS yaliendelea kutumika hadi Vita Kuu ya Pili, ila taji liliondoka na tai akachukua nafasi yake. Basi usihesabu umri kwa maneno peke yake.

Sehemu inayostahili kutazamwa kwa muda mrefu zaidi ni mgongo wa bizimu, ambao waghushi wengi huufanyia haraka. Bizimu halisi lilitengenezwa kwa bamba jembamba lililogandamizwa na mashine yenye nguvu, kwa hiyo kila kilichoinuka mbele kimebonyea nyuma, na kingo za herufi ni kali kiasi kwamba ukucha huzihisi. Bizimu la kughushi mara nyingi limesubiwa: madini yaliyeyushwa yakamiminwa kwenye kalibu iliyochukuliwa kutoka bizimu jingine. Dalili zake ni mgongo uliojaa au wenye mawimbi, vitundu vidogo kama vya mkate, mstari mwembamba ukingoni pale nusu mbili za kalibu zilipokutana, na manyoya au majani yaliyofifia kama yamelambwa. Tena, madini hunywea yanapopoa, hivyo nakala ya kusubu huwa ndogo kidogo kuliko mama yake. Ukiweza kupata vipimo vya bizimu la aina hiyohiyo linalojulikana kuwa halisi, rula tu inatosha kukutia shaka.

Kuhusu madini, lile la zamani la Prussia lilikuwa la shaba ya manjano, na kati yake kuna duara la madini meupe lililolehemiwa juu; duara na bamba ni vipande viwili. Kuanzia mwaka 1915, shaba ilipohitajika kwa risasi na mizinga, yalitolewa mabizimu ya chuma ya kipande kimoja, yaliyopakwa rangi ya kijivu. Katika vita ya pili walianza na alumini, kisha chuma kikatawala. Sumaku ya spika ya redio iliyokufa itakuambia papo hapo kama uso wa bizimu ni wa chuma. Shaba, alumini na lile duara jeupe havishikwi. Lakini usiridhike, maana zinki iliyopakwa rangi ya shaba nayo haishikwi.

Hapo nenda kwa sonara mwenye mizani ya kidijitali. Pima uzito wa bizimu. Kisha weka kikombe chenye maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, na uning'inize bizimu kwa uzi lizame lote bila kugusa kikombe. Gramu zitakazosomeka ndizo ujazo wake kwa sentimita za ujazo. Gawanya uzito kwa ujazo huo. Shaba ya manjano hutoa karibu 8.5, chuma 7.8, na alumini 2.7. Bizimu la gramu 60 linalosoma gramu 9 majini linatoa 6.7, na hapo una aloi ya zinki iliyovikwa koti la shaba.

Ngozi nayo ina ushahidi wake. Mkanda halisi una upana wa takriban sentimita 4.5, na ndani yake umeshonewa ulimi wenye matundu yanayokwenda mawili mawili, ambamo meno ya bizimu huingia. Choma ncha ya uzi uliochomoka: uzi wa pamba au kitani huacha majivu na harufu ya karatasi, ilhali nailoni hujikunja ikawa tone gumu. Ngozi iliyopakwa kiwi ipate uzee itachafua kitambaa cheupe chenye unyevu na kunuka duka la viatu. Tena anayekuletea mkanda mzima wa ngozi akidai ameufukua shambani Unyanyembe umuulize mchwa wa huko walikuwa wapi kwa zaidi ya miaka 100. Mikanda iliyosalimika ilikaa ndani ya nyumba. Ardhini hubaki madini.

Mabizimu ya vita ya pili yana mtego wa pekee. Yale ya SS, kikosi cha chama cha Wanazi cha Hitler, yenye maneno MEINE EHRE HEISST TREUE, yameghushiwa kuliko mengine yote kwa sababu wanunuzi wa nje huyalipia fedha nyingi, na mimi huyahesabu kuwa bandia mpaka yathibitike vinginevyo. Kuna pia mabizimu halisi yasiyo ya vita: lenye maneno EINIGKEIT RECHT FREIHEIT ni la jeshi la Ujerumani Magharibi, na lenye nyundo na bikari ni la Ujerumani Mashariki. Yote mawili ni ya baada ya mwaka 1945.

Kutu isikutishe wala isikushawishi. Kutu ya kijani inayotokana na miaka huwa imeshika hadi kwenye pembe za herufi na haitoki kwa kidole, ilhali ile ya chumvi na siki hukaa juu kama unga. Usilisugue bizimu kwa limau na majivu, kwani ukiondoa kutu hiyo umeondoa ushahidi pamoja na sehemu kubwa ya bei. Na kama ni wewe unayechimba, kumbuka kwamba kutafuta mambo ya kale kwa kuchimba kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Na jembe likigonga kitu chenye umbo la chupa nzito ya chuma, huenda ni kombora ambalo halijalipuka; kiache palepale, wazuie watoto wasisogee, na uite polisi.