Namna ya Kuandika Hukumu ya Mungu katika Hadithi ya Vita

Mwandishi wa Dodoma anayetaka kutunga hadithi ya kidini yenye vita ndani yake aanze na uamuzi mmoja mgumu, kabla ya kufikiria adhabu wala thawabu. Chukua Ugogo, nchi ya Wagogo inayozunguka Dodoma, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ambapo majeshi ya Wajerumani, na baadaye ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi, mvua nayo ikakosekana, hata njaa iliyoitwa Mtunya ikaua watu wengi kati ya 1917 na 1920. Mweke hapo mwalimu wa kanisa huko Mvumi, aliyeamriwa kutaja nyumba zilizoficha mtama: akisema kweli, watoto watakufa njaa; akisema uongo, anavunja amri anayoifundisha kila Jumapili. Mpe muda wa kusali, kushauriana na mkewe na kuogopa, kwa sababu uamuzi usio na gharama haumpimi mtu.

Usiifanye njaa kuwa fimbo ya Mungu juu ya waliokufa. Katika Luka 13 Yesu anakataa kwamba wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu walikuwa wakosaji kuliko wengine, nami naona msimulizi hana ruhusa ya kusema kinyume chake. Wahusika waweza kuamini hivyo, na mzee wa ukoo aseme mizimu imekasirika, wewe usiwathibitishie. Hukumu ionekane katika dhamiri ya mwalimu, anapolazimika kuwahubiria tena wale aliowataja.