Kusimulia Mbio za Phoenix kwa Kipande cha Chaki

Mara ya kwanza niliposimulia mbio za magari za Phoenix, Marekani, nilianza na mwaka 1964 nikaja mbele mwaka kwa mwaka, kama mtu anayesoma daftari la madeni. Nilipofika 1991, mmoja alikuwa amelala juu ya tairi la Fuso, na wawili wameshavuka barabara kufuata chipsi. Nilikoma.

Mimi ni fundi matairi hapa Buzuruga, Mwanza. Jioni kazi ikipungua, kijiwe kinajaa: vijana wa bodaboda, makonda wawili watatu, na mzee mmoja mstaafu tunayemwita Baba Mkubwa ingawa hana ndugu hata mmoja hapa. Wote wanajua mpira wa miguu. Mbio za magari za Marekani hawakuwa wanazijua, na walipozisikia walicheka: magari yanazunguka tu, yanakata kushoto, kushoto, kushoto, kisha nini? Nimejifunza namna ya kuwafanya wanyamaze. Nakupa na wewe.

Tafuta kipande cha chaki na sakafu ya saruji. Weka pembeni nati sita, tano ndogo na moja kubwa, utazihitaji baadaye. Wasikilizaji wako wawe watu waliowahi kuendesha gari, au angalau kulisukuma.

Kwanza chora uwanja, na usichore yai. Hilo ndilo kosa la wengi. Uwanja wa Phoenix uko Avondale, magharibi ya jiji la Phoenix, jangwani Arizona, chini ya milima ya Estrella. Upande mmoja umenyooka. Upande wa pili umepinda kwenda nje katikati yake, kama kiwiko cha mtu aliyeshika kiuno. Kiwiko hicho kichore vizuri, maana nusu ya ubishi utatokea hapo. Mzunguko mmoja ni maili 1, yaani kilometa 1.6. Mbio nzima ni mizunguko 312. Hapa kuna jambo watu wa kwetu hulipenda: katika mbio nyingi za Marekani ukisikia "500" ujue ni maili, lakini mbio za Phoenix zilipoitwa 500, zilikuwa kilometa. Mimi nawaambia ni kama kutoka Mwanza kwenda Shinyanga, kurudi, halafu kwenda tena, bila kushuka garini hata kuchimba dawa.

Juu ya kona mbili, chora kilima. Kinaitwa Monument Hill. Ni mawe na vichaka vya jangwani, na watu hukaa kwenye mteremko wake kutazama mbio. Hapa Mwanza sihitaji maneno mengi. Mtu aliyekulia Mabatini au Igogo, nyumba imekaa juu ya jiwe na jiwe limekaa juu ya nyumba, anaelewa mara moja raha ya kutazama kitu ukiwa juu ya mwamba. Baba Mkubwa aliuliza kama kule nako watoto wanateleza na vipande vya ndoo. Sikuwa na jibu.

Sasa mstari wa kuanzia. Chora miwili, na ueleze kwa nini. Wa zamani ulikuwa upande ulionyooka. Mwaka 2018 uwanja ulikarabatiwa kwa dola milioni 178 na mstari ukahamishiwa upande wa pili, karibu na kiwiko. Lami haikugeuzwa. Kilichogeuka ni hesabu ya kona. Kona ya tatu na ya nne zikawa ya kwanza na ya pili. Usipolieleza hili mapema, hadithi za zamani zitakuchanganya mbele za watu, kama zilivyonichanganya mimi.

Ukishachora, acha chaki, tembeza kidole. Kila mahali kidole kinapofika, simulia jambo moja tu.

Anzia mstari wa zamani. Uwanja ulifunguliwa 1964, na A.J. Foyt alishinda hapo mwaka huohuo, ila yale yalikuwa magari mengine, yenye magurudumu nje ya bodi. Pita haraka. Ligi kuu ya NASCAR, chama cha mbio za magari cha Marekani, ligi ya magari yanayofanana na yale ya dukani, haikufika Phoenix mpaka Novemba 1988. Chama chenyewe kilianzishwa 1948, kwa hiyo jangwa lilisubiri miaka 40. Hapo simama, kwa sababu sasa anaingia Alan Kulwicki.

Kulwicki alisomea uhandisi wa mitambo chuo kikuu. Alikuwa na timu yake mwenyewe, dereva ndiye tajiri na tajiri ndiye dereva. Siku ile Ricky Rudd alikuwa na gari kali, lakini injini yake ikafa mbio zikielekea ukingoni. Kulwicki akashinda, kwa mara ya kwanza katika ligi hiyo. Kisha akafanya jambo ambalo lazima ulionyeshe kwa kidole: akageuza gari akazunguka uwanja kinyume. Vijana watauliza kwa nini. Usiwajibu upesi, wape sekunde wafikirie usukani. Gari la Marekani lina usukani kushoto. Ukizunguka kwa kukata kushoto, dirisha la dereva linatazama katikati ya uwanja, na watazamaji wako upande wa pili. Ukitaka kuwapungia mkono, geuza gari. Konda mmoja alisema, "Kumbe alikuwa anaaga abiria." Nimeichukua kauli hiyo, naitumia kila nikisimulia.

Usimwache Kulwicki hapo. Davey Allison alishinda Phoenix 1991 na 1992, na ushindi wa pili ukamfanya aende kwenye mbio za mwisho za msimu, Atlanta, akiwa anaongoza msimamo. Lakini ubingwa akauchukua Kulwicki, akimzidi Bill Elliott kwa pointi 10. Aprili 1, 1993, Kulwicki akafa katika ajali ya ndege. Julai mwaka huohuo Allison akafa baada ya ajali ya helikopta. Nikifika hapa sisemi kitu. Natoa kidole sakafuni, nakunywa maji. Wanaosikiliza ni watu wanaopanda pikipiki kila siku.

Kisha songa mbele, haraka kidogo. Kuanzia 2005 Phoenix imekuwa na mbio mbili kwa mwaka. Kevin Harvick ndiye mfalme wa hapo, ameshinda mara 9. Mwaka 2007 Jeff Gordon alishinda akamfikia Dale Earnhardt kwa ushindi 76, akashika bendera yenye namba 3 ya marehemu. Mwaka 2011 waliweka lami mpya na kukisogeza kiwiko nje zaidi. Yaseme haya kwa pumzi moja. Ukiyakalia, mtu anakwenda kufuata chipsi.

Peleka kidole kwenye kona zilizo chini ya kilima. Novemba 2014, hizo zilikuwa kona za mwisho za mzunguko. Leo ni za kwanza. Wakati huo fainali ya msimu ilikuwa Homestead, Florida, na mbio za Phoenix ndizo zilizochuja wanne wa kwenda huko kugombea ubingwa. Harvick alishinda siku ile. Gordon alimaliza wa pili na bado akakosa nafasi, kwa pointi moja. Ilikuwaje? Nyuma huko, mzunguko wa mwisho, kona ya mwisho, Ryan Newman alimchomekea Kyle Larson kwa ndani, akamsukuma nje mpaka ukutani, akamaliza wa 11. Nafasi ile moja ndiyo iliyompa Newman pointi ya kumtoa Gordon. Hapa waulize watu: ilikuwa halali? Dereva wa Hiace atakwambia halali. Abiria wa Hiace atakwambia haramu. Waache wapigane maneno, wewe pumzika.

Sasa kiwiko. Tangu mstari uhamie hapo, bendera ya kijani ikipepea magari yanatawanyika, mengine yanakatiza chini kabisa ya kiwiko, manne mpaka matano sambamba, yote yakiwania kona ya kwanza. Nawaambia wafikirie daladala zinazotoka stendi ya Nyegezi kwa pamoja, halafu barabara inakuwa nyembamba. Mara ya kwanza kwa mpangilio huo, Novemba 2018, Kyle Busch alishinda.

Nimebakiza sehemu yangu. Chora kijistari kando ya mstari wa mbio, ndani, na useme: hapa ndipo mafundi matairi wanapofanyia kazi. Mimi naamini ubingwa wa Phoenix umeamuliwa hapa kuliko kwenye kona yoyote, na hakuna mtu wa kijiwe atakayenitoa hapo.

Kuanzia 2020 mpaka 2025 fainali ilifanyika Phoenix. Wanne waliingia na nafasi ya ubingwa pamoja na wengine wote uwanjani, na kati ya hao wanne aliyemaliza mbele ya wenzake ndiye aliyekuwa bingwa, hata kama mbio zenyewe alishinda mtu mwingine. Chase Elliott, mtoto wa yuleyule Bill aliyekosa kwa pointi 10, aliuchukua 2020 baada ya kurudishwa nyuma ya wote kabla ya kuanza, kwa sababu gari lilikwama kwenye ukaguzi. Joey Logano aliuchukua 2022 na 2024, Ryan Blaney 2023.

Mwaka wa kukalia ni 2021. Chukua zile nati tano ndogo, zimwage sakafuni. Kila gurudumu lilikuwa na nati tano. Larson aliingia kwa huduma ya mwisho akiwa wa nne. Mafundi wake wakafungua ishirini, wakafunga ishirini, wakajaza mafuta, wakamtoa akiwa wa kwanza. Hakupitwa tena, akawa bingwa. Mimi kubadilisha tairi moja la Noah, jeki ikiwa nzima na spana haijaazimwa, ni dakika nane, na nahesabiwa mwepesi. Sasa toa nati kubwa uiweke katikati. Kuanzia 2022 gurudumu moja lina nati moja tu. Watu watano wanaruka ukuta, matairi manne yanabadilika kwa sekunde kama kumi. Nilipoona hivyo mara ya kwanza niliitazama spana yangu kwa dharau.

Malizia na Novemba 2, 2025. Denny Hamlin, ushindi 60 katika maisha yake na ubingwa sifuri, aliongoza mizunguko 208. Ikabaki mizunguko mitatu. Tairi la William Byron likapasuka, akagonga ukuta, bendera ya njano ya kupunguza mwendo ikatoka. Wote wakaingia kwa mafundi. Hamlin akafungiwa matairi manne mapya. Larson, ambaye naye alishapata pancha mapema na hakuongoza hata mzunguko mmoja siku hiyo, akafungiwa mawili tu, akatoka mbele yake. Ilibaki mizunguko miwili ya nyongeza. Manne yanashika lami zaidi, lakini manne yanahitaji umbali wa kuonyesha kwamba yanashika. Blaney akashinda mbio, Larson akamaliza wa tatu, Hamlin wa sita. Bingwa Larson.

Hapa usihitimishe. Uliza: ungekuwa wewe fundi, ungefunga mawili au manne? Kijiweni kwangu swali hili limeshavunja urafiki kwa siku mbili. Mimi mwenyewe nasema manne, na najua nimekosea. Wateja wangu wengi wanasema mawili, lakini hao kila siku wanasema mawili, kwa sababu ya hela.

Ukitaka watazame mbio zenyewe baada ya hadithi, fanya hesabu ya saa mapema. Arizona hawasogezi saa zao, kwa hiyo tofauti yao na yetu ni saa 10 mwaka mzima. Mbio za saa 7 mchana kule kwetu ni saa 5 usiku, wakati huo huku ziwani wavuvi wa dagaa wameshawasha taa. Hakikisha simu ina chaji na bando, na mke wako anajua ulipo. Mwaka 2026 fainali imerudishwa Homestead, lakini Phoenix bado ina mbio zake, kwa hiyo mchoro wako usiufute. Wangu nilimwagia oili chafu kwa bahati mbaya, na sasa kiwiko hakitoki hata kwa petroli.